Uso wa Baba na Maziwa ya Asubuhi

Mama alifika kwangu Kashaulili, mjini Mpanda, kabla sijamaliza chai. Akakaa kwenye kiti cha plastiki barazani, akakataa chapati, akasema: "Baba yako amenichoka."

Mtu aliyesoma chuo kikuu, tena akakaa huko muda mrefu kuliko ilivyohitajika, anategemewa kujua la kusema mama yake anapotamka neno kama hilo. Mimi nilisema, "Sukari hiyo hapo."

"Sijaja kunywa chai. Nimekuja kukuambia wewe kwanza, kwa sababu wewe ndiye mpenda maneno. Tukimaliza kuingiza mahindi ndani, naenda kwa kaka yangu Inyonga."

"Kumsalimia?"

"Kukaa."

Wazazi wangu wanaishi Magamba, nje kidogo ya mji wa Mpanda. Walitoka Usukumani na ng'ombe wao wakati mimi bado nabebwa mgongoni, na katika safari ile yote, na katika maisha yote yaliyofuata, sikuwahi kusikia mmoja wao akitaja kumwacha mwenzake. Walikuwa wanagombana, ndiyo, tena kwa sauti ya watu waliozoea kuitana kutoka upande mmoja wa mbuga hadi wa pili. Lakini ugomvi wao ulikuwa kama mvua ya kwetu. Ulikuja kwa kishindo, ukaisha, na kila kitu kikawa kijani.

Ushahidi wa mama ulikuwa huu. Mwaka uliopita baba alianza kujikwaa akiwa machungani. Mama akashauri, kisha akasisitiza, kwamba ng'ombe wakabidhiwe kaka yangu mkubwa awachunge. Baba alikubali. Tangu hapo uso wake ukafunga. Hajamchekea mama, hajamkunjia uso, hajainua hata nyusi. Na kwa baba hilo lilikuwa jambo kubwa, kwa sababu nyusi zake zilikuwa maarufu. Mnadani watu walikuwa hawamuulizi anataka nini. Walimtazama tu usoni, wakajua.

"Umemuuliza kama ana hasira?"

"Nimemuuliza. Unajua kanijibu vipi?" Mama aliuweka uso wake kama ukuta uliopigwa lipu, akashusha sauti hadi karibu na sakafu: "'Sina hasira.' Sasa wewe niambie. Mtu akikuambia hana hasira na uso wa hivyo, utamwamini?"

Mimi sikuamini hata yeye alipoigiza.

Nilikwenda Magamba siku ileile. Baba alikuwa amekaa chini ya upenu wa nyumba, anatazama zizi. Mkono wake wa kulia ulikuwa unatetemeka taratibu juu ya goti, kidole gumba na cha shahada vikizungushana, kama mtu anayechezea punje moja ya hindi asiyetaka kuiachia. Aliponiona alisema "Karibu" kwa sauti ya mtu anayeongea ndani ya gunia. Hakutabasamu. Alipoinuka kunipokea alichukua muda mrefu, halafu akaja kwa hatua fupi fupi, mikono imeganda ubavuni. Kama mtoto nilivyo, nilianza kupekua kichwani ni kosa gani nimefanya.

Jirani yao, mzee wa kanisa ambaye wazazi wake walitoka Burundi na ambaye hana ng'ombe hata mmoja ila ana maharage ambayo ng'ombe zetu wanayapenda sana, alinisogelea pale kwenye uzio wa minyaa.

"Na mimi ameninunia," alininong'oneza. "Juzi nimemtania, nikamwambia ng'ombe zako zimeokoka, siku hizi zinashinda shambani kwa mzee wa kanisa. Zamani angecheka mpaka akohoe. Ameniangalia tu. Nimerudi nyumbani nimetubu."

Bahati ikatukuta wiki ileile. Madaktari bingwa walikuwa wamekuja hospitali ya mkoa kwa siku chache, na tukampeleka baba kwa bodaboda mbili, yeye katikati yangu na dereva kama gunia la thamani, mama nyuma yetu, akiwa amekubali kuja kwa sharti kwamba hakuna atakayemwambia daktari habari za nyumbani.

Daktari alikuwa mwanamke wa makamo, mcheshi, asiye na haraka. Alimwambia baba agonganishe vidole haraka haraka. Vilianza, vikafifia, vikakwama. Akamkunja mkono na kuukunjua. Akamtembeza hadi mlangoni na kumrudisha. Akamuuliza kama bado anasikia harufu ya moshi wa jikoni, na baba akasema hapana, kitambo sasa. Halafu akatugeukia sisi na kuuliza, "Na uso? Siku hizi watu wanadhani amekasirika?"

Mama alinigeukia kwa jicho kali. Niliapa kwa kutikisa kichwa kwamba sijasema kitu.

"Hajakasirika," daktari alisema. "Uso wake hauletewi habari, basi."

Ugonjwa wenyewe una jina la tabibu mmoja wa Ulaya wa zamani, jina ambalo mama hakuwahi kuhangaika kulitamka. Daktari alieleza kwamba ndani kabisa ya ubongo, upande wa chini, kuna kikundi kidogo cha seli zenye rangi nyeusi zinazotengeneza kemikali iitwayo dopamini. Kwa baba, seli hizo zilikuwa zinakufa polepole. Dopamini ikipungua, amri ya kuanza kusogea inachelewa: mguu unachelewa, sauti inachelewa, na misuli ile midogo ya uso, ambayo hatuiamrishi bali inacheka yenyewe, nayo inakaa inasubiri. Moyoni mtu anaweza kuwa anacheka. Habari tu ndiyo haijafika.

Kisha akasema jambo ambalo aliliona dogo, na mimi likaniinua kutoka kwenye benchi. Alisema seli za ubongo hazigusani.

"Hazigusani?"

"Hazigusani. Kuna upenyo katikati."

Nilikuwa nimeishi na ubongo huu miaka yangu yote, nimeupitisha chuo kikuu kwa fedha za watu wengine, na sikuwa na habari. Nilidhani ndani mle kuna nyaya, umeme unakimbia moja kwa moja kama kutoka kwenye transfoma hadi kwenye taa. Kumbe umeme unakimbia ndani ya seli moja, ukifika mwisho unakuta njia imekatika. Hauruki. Pale ukingoni vifuko vidogo sana vinafunguka, kemikali inamwagika, inavuka upenyo, inakaa mahali palipoumbwa kwa ajili yake, na seli ya ng'ambo inaamka. Hayo yote yanatokea wakati wewe unawaza tu kama chumvi imekolea. Kila wazo, kila hamu, kila cheko limevuka mahali ambapo hapana daraja!

Niliporudi Magamba nilikuwa sishikiki. Niliwakusanya wote uani, baba kwenye kiti chake, mama akipukuchua mahindi, jirani akiwa ng'ambo ya uzio kwa sababu ndipo anapoishi, na nikaanza kufundisha.

"Hii kaya yetu ni seli. Kaya ya jirani ni seli. Katikati kuna minyaa. Hatugusani."

"Mungu apishe mbali," alisema jirani.

"Mama akitaka kumwambia jirani kitu, anapitisha bakuli juu ya minyaa. Bakuli likipokelewa, kule wanaamka. Kisha mama anafuata bakuli lake."

"Nisipolifuata harudishi," mama alisema.

"Ndiyo! Na seli nazo zinafuata bakuli zao! Zinakusanya kemikali iliyobaki, zinaihifadhi, zinaitumia tena."

"Kwa hiyo baba yako kunichekea mimi kunahitaji bakuli."

"Ndiyo!"

"Na bakuli zimeisha."

"Zimepungua! Dawa ndiyo inaziongeza. Tena angalieni maajabu: dopamini yenyewe ukiimeza haiingii ubongoni, kuna geti. Kwa hiyo wanapeleka kitu kingine, kinaruhusiwa kupita, kikishaingia ndani kinageuzwa kuwa dopamini. Ni sawa na kukatazwa kuingia na ugali, ukaingia na unga, ukapikia humo humo!"

Nilikuwa natokwa jasho kwa furaha. Nikamgeukia baba nione amelipokeaje. Alikuwa ananitazama, uso umetulia kama sufuria iliyofunikwa.

"Umemaliza?" akauliza, chini kabisa.

Niliumia. Mimi, niliyekuwa nimetoka tu kueleza, kwa mifano, kwamba uso ule hausemi kitu, niliumia kama mtoto aliyefukuzwa sebuleni. Mama aliliona hilo mara moja.

"Umeona?" alisema bila kuacha kupukuchua. "Hata wewe mwenyewe."

Dawa ilianza kesho yake. Daktari alikuwa ametuonya kwamba haiponyi, haizirudishi seli zilizokufa, ila inaweza kumpa mzee miaka mizuri. Alisema imezwe asubuhi mapema, kabla ya kula. Siku zikapita, kisha wiki. Punje ya hindi iliendelea kuzungushwa kwenye mkono wa baba. Uso haukufunguka. Nilipiga simu kila jioni kuuliza habari za nyusi, na kila jioni mama alinijibu kwa utulivu zaidi, utulivu ambao ulinitisha kuliko kelele.

"Mwanangu," alisema mwishoni, "dawa ya ugonjwa inatibu ugonjwa. Hii imeshindwa kwa sababu hapa hakuna ugonjwa. Hapa kuna mtu na mke wake. Mahindi yamebaki kidogo."

Mantiki yake ilinichanganya kwa sababu ilikuwa nzuri kuliko yangu. Nilikwenda kulala Magamba ili asubuhi nione kwa macho yangu.

Mama alitoka zizini na maziwa yenye mapovu. Akayachanganya na ya mgando yaliyokuwa kwenye kibuyu, akakitikisa, akaenda upenuni. Akamwekea baba kidonge kiganjani, akampa kibuyu kwa mikono miwili na goti limepinda kidogo, kama alivyokuwa akifanya tangu alipoolewa. Kwetu kibuyu kile hakikosekani. Kabla ya salamu za majirani, kabla ya yeyote kuweka kitu mdomoni, maziwa ya kwanza ni ya mwenye nyumba, na yanatoka mkononi mwa mkewe. Baba alimeza kidonge, akakiinua kibuyu, akanywa mpaka mwisho.

Niliona kibuyu chenyewe si kile ninachokifahamu. "Mmenunua kipya?"

"Kile kilikuwa kidogo," mama alisema. Akafuta mdomo wa kibuyu kwa upande wa kanga. "Nikaona labda nikimwongezea..." Hakumalizia.

Daktari alikuwa amenipa namba yake ya simu, jambo ambalo nadhani alilijutia. Nilimpigia. Nikamwambia dawa haifanyi kazi kabisa.

"Anameza muda gani?"

"Alfajiri, kabla hajala chochote. Kama ulivyosema."

"Anamezea nini?"

"Maziwa."

"Maziwa kiasi gani?"

Nilikitazama kibuyu. "Ya kumtosha ndama."

Alicheka, akaomba radhi, akacheka tena. Na mimi hapo ndipo nilipoyasikia niliyosema. Hajala chochote! Mbele ya macho yangu mtu amemaliza kibuyu kizima, na mimi nimeripoti kwa mtaalamu kwamba hajala chochote. Kwetu anayekula anakula ugali. Maziwa hayahesabiwi. Maziwa ni asubuhi yenyewe. Daktari, ambaye si mtu wa kwetu, hakuwaza kuyakataza, na sisi hatukuwaza kuyataja.

Alinieleza taratibu. Protini ya maziwa ikivunjwa tumboni inakuwa vipande vidogo, na vipande hivyo vinafanana sana na ile dawa. Vinapita mlango mmoja nayo. Mlango wa kutoka tumboni kwenda kwenye damu ni mmoja, na hata kule juu, kutoka kwenye damu kuingia ubongoni, vinagombania na dawa mlango mmoja. Nikaona josho. Nikaona ule uchochoro wa josho la ng'ombe, kule wanakoogeshwa dawa ya kupe, wanapita mmoja mmoja, na sisi kila asubuhi tumeswaga kundi zima la ng'ombe ndani yake, halafu nyuma kabisa tumeweka mbuzi mmoja tukasema tunasubiri mbuzi.

Halafu nikaona lililobaki, na nikasimama. Mama alimwona baba hachangamki, akaogopa, akaongeza maziwa. Maziwa yakaifungia dawa njia. Uso ukazidi kunyamaza. Mama akazidi kuogopa, akatafuta kibuyu kikubwa zaidi. Nilizunguka ua mbio mara kadhaa nikipiga makofi, kuku wakatawanyika. Baba alinitazama bila badiliko lolote la uso, na siku hiyo niliamua kutolichukulia kama maoni.

Kazi ikawa kumwambia mama.

"Nimpe maji," alirudia.

"Maji."

"Asubuhi."

"Saa moja tu, mama. Anameza na maji, anakaa saa moja, ndipo maziwa."

"Mume wangu. Ana ng'ombe zizini wanalia wamejaa. Nimpe maji kama mtu wa mahabusu. Halafu hapo ndipo atanichekea."

"Hapo ndipo dawa itapita."

"Na watu wakijua?"

"Watu gani watajua?"

"Sisi," ilisema sauti ya jirani kutoka ng'ambo ya minyaa. "Mama, mpe maji mzee mwenzangu. Mimi nimekunywa maji asubuhi maisha yangu yote, na nacheka mpaka mchungaji ananikemea."

"Wewe huna ng'ombe!" mama alimjibu.

"Ndiyo maana nacheka."

Mama alitutazama mmoja baada ya mwingine, mimi, uzio, na baba kwenye kiti chake. "Haya," alisema. "Mpaka gunia la mwisho liingie ndani. Asiponichekea naondoka, na nyie na kemikali zenu mtabaki hapa mnakunywa maji."

Nilihamia Magamba. Nilisema nina makala ya kuandika, lakini niliyokuwa naandika yalikuwa kichwani, na yalikuwa yanahusu mkono wa kulia wa baba. Baada ya siku chache ule mkono ulianza kupumzika. Mara ikapita asubuhi nzima punje ya hindi haijaguswa. Nilimkimbilia mama jikoni kumwambia. "Mkono sio uso," alisema. Baba akafunga vifungo vya shati mwenyewe. "Shati sio uso." Baba akatembea hadi zizini na kurudi, mikono ikipunga kama ya mtu anayekwenda mnadani. Mama alichungulia, akarudi kwenye chungu chake. Lakini begi lake lilikuwa limeshatoka uvunguni mwa kitanda, liko sebuleni karibu na mlango, na kaka yake wa Inyonga alikuwa amepiga simu kuuliza basi gani.

Siku ya gunia la mwisho kulikuwa na pilikapilika. Mama alimpa baba kidonge na maji, akaenda kuwasimamia wabebaji. Saa moja ikapita. Akaenda kwa jirani kuazima sindano ya kushonea magunia, akakaa huko. Saa ya pili ikaanza. Baba alikaa upenuni anatazama zizi, kisha njia, kisha zizi. Mimi nilikuwa mlangoni. Niliona nyusi zake zikianza kusogeleana, nikashika fremu ya mlango.

Mama alitokea na kibuyu, hana haraka.

"Jua liko wapi?" baba alifoka. Ilikuwa sauti, sauti yake halisi, ile ya kuvusha ng'ombe mtoni. Nyusi zilikuwa zimegongana katikati, mdomo umevutwa upande mmoja, pua imetanuka. "Mwenye nyumba afe na kiu, maziwa yamo nyumbani! Hii nyumba ya nani?"

Mama alisimama palepale.

"Rudia," alisema.

"Nirudie nini?" Nyusi zikazidi.

Mama aliweka kibuyu chini, akajishika mashavu kwa mikono yote miwili. "Jamani! Hii ndiyo hasira yake! Hii! Hii ndiyo ninayoijua mimi!" Alikuwa anacheka na machozi yanamtoka. "Kumbe mwaka mzima haikuwa hii!"

Baba hakuelewa, na kutoelewa kwake kukaonekana: jicho moja likawa dogo, jingine kubwa. Kisha kitu kikaanza kwenye pembe ya mdomo, kikapanda hadi machoni. Alicheka. Alicheka mpaka akakohoa, na ng'ambo ya minyaa nikasikia jirani akimshukuru Mungu kwa Kirundi.

"Ni ile dopamini," nilianza, "imevuka ule..."

"Nyamaza wewe," walisema wote wawili.

Mama alivuta kigoda akaketi mbele yake, karibu sana, kama mtu aliyefika kwenye redio iliyopata stesheni na anaogopa itapotea. Akaanza kumuuliza yote aliyokuwa ameyaweka. Ile kanga niliyovaa Pasaka, uliichukia? Nyusi zikapanda: kanga ipi? Ule ugali ulioacha? Meno yalikuwa yanauma. Mama alisikiliza maneno lakini macho yake yalikuwa yanasoma paji la uso. Mwishoni akafika pale pagumu, na sauti ikapungua.

"Na ng'ombe? Siku ile niliposema wakabidhiwe mtoto?"

Baba alifikiri. Uso wake ulifikiri pia, nikauona ukifanya hivyo.

"Hilo lilinikera," alisema. "Lilinikera kweli."

Mama akakishika kigoda kwa mikono miwili.

"Siku mbili tatu hivi. Halafu nikaona kulala mpaka jua litoke ni kuzuri."

"Siku mbili tatu?"

"Nne labda."

"Na mimi nimekonda mwaka mzima!" Mama aliinuka, kigoda kikaanguka. "Mwaka mzima sijalala! Ulishindwa kuniambia?"

"Nilikuambia. Nilikuambia sina hasira."

"Kwa uso gani?"

Alikiokota kibuyu, akamsukumia mikononi bila kupinda goti, akaingia ndani. Baba alikunywa kidogo, akanigeukia, nyusi zote mbili juu.

"Na mama yako, msomi? Dawa yake anamezea nini?"

Ndani tulimsikia mama akiongea na simu kwa sauti ya kufika Inyonga bila msaada wa mtandao. Alimwambia kaka yake asimsubiri kwenye basi leo, wala kesho, ana ugomvi hapa nyumbani na bado hajaumaliza.